Trillium yako haijafa, imelala tu

Mkuu, unahofia trillium yako nyeupe (ua la msituni) imekufa, ila kukauka majani yote Julai hapo Ontario, Kanada, wala isikushtue, ndo zake hizo, inachanua Mei miti ikiwa bado haijafunga majani juu, joto likikolea inajificha ardhini mpaka mwakani. Usije ukachimbua kuangalia! Chomeka kijiti cha alama, udongo usikauke kabisa, na majani ya miti ya maple yakidondoka usifagie, yaache yaoze palepale. Ua likigeuka pinki linazeeka tu, sio ugonjwa. Ila usilichume na yale majani matatu chini yake, mmea utakosa chakula. Kupanda mbegu waachie sisimizi, ndo wanaozisambaza, maana toka mbegu ni miaka 7 hadi 10 ndo uone ua, we nunua miche kitaluni, ya msituni usiiguse.