Jibu: Aseniki inauaje seli za lukemia?

Ndugu wa Mbale, umeuliza sumu kama aseniki inawezaje kutibu saratani ya damu. Haitibu aina zote; inafanya kazi vizuri mno kwa aina moja, lukemia ya promielositi, yaani ya chembe nyeupe changa za damu (APL). Humo kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande, ikazaliwa protini PML-RARA inayozuia seli changa zisikomae. Aseniki hunasa kwenye salfa ya sisteini (asidi amino mojawapo) katika upande wa PML wa protini hiyo. Protini hizo hujikusanya, hubandikwa alama ya SUMO, kisha ya ubikwitini (zote mbili ni protini ndogo), na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, huzisaga. Kizuizi kikiondoka, seli hukomaa. Kiwango cha dawa kikiwa juu zaidi, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huvujisha protini iitwayo saitokromu c, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata seli kutoka ndani.

Dozi ni miligramu 0.15 kwa kila kilo kwa siku, kwa dripu ya saa mbili. Mwenye kilo 60 hupata 9. Kinachotisha ni moyo: dawa hurefusha QT (muda ambao moyo hutumia kujichaji upya kati ya mapigo), kwa hiyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanywe mara kwa mara na potasiamu ya damu isishuke chini ya 4 mmol/l. Na hapa Uganda, tafadhali, homa ikipanda msikimbilie dawa za malaria, Coartem wala kwinini, bila daktari. Nazo hurefusha QT. Tena homa hiyo, ikiambatana na kukosa pumzi na uzito kuongezeka ghafla, huenda ni seli zinazokomaa kwa pamoja: hapo hutolewa deksamethasoni (dawa ya steroidi) miligramu 10 mara mbili kwa siku, bila kungoja.