Nani anapiga, nani anacheza?

SWALI: Binti yangu anaandika insha. 'Orchestra' kwa Kiswahili ni bendi? Na je, "okestra yenye wachezaji 40" ni sahihi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Okestra ni okestra. Iandike kwa k, mambo yaishe. Bendi ni jambo jingine, ingawa Dar es Salaam mpaka huo ulishafutika zamani: Mlimani Park Orchestra, iliyoanza 1978, ni bendi ya dansi ya magitaa na tarumbeta, na hakuna aliyewahi kudai fidla mlangoni.

Ila hao "wachezaji 40"! Hapo umenitia kidole jichoni. Kila nikifungua redio, fulani "anacheza gitaa", fulani "amecheza piano". Ala kwetu hupigwa. Hata filimbi hupigwa, na hakuna anayeitia konzi, inapulizwa tu. Anayecheza ni aliyeinuka. Ndiyo maana tuna kupiga ngoma na kucheza ngoma, na ukiyachanganya harusini utajikuta katikati ya duara unadaiwa kiuno.

Nenda Unguja ukawatazame Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa 1905. Mpiga kanuni kaketi, kaipakata ala yake yenye nyuzi zaidi ya 70, vidole vyake vya shahada vimevikwa pete zenye vijiti vya kudonolea. Pembeni udi na akodioni, nyuma safu ya fidla, na besi refu kumpita mpigaji wake. Hakuna anayetikisa hata bega. Anayecheza ni yule bibi wa mstari wa tatu, anayenyanyuka taratibu na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Mwambie mpiga kanuni "umecheza vizuri", atainama kutazama viatu vyake, labda vilitoroka yeye hana habari.

Asili ya neno naipita haraka, maana hainisaidii. Ni la Kigiriki, na orkhestra ilikuwa uwanja wa mbele ya jukwaa ambapo watu walicheza. Kucheza kwa miguu hasa. Basi Wagiriki wa kale wako upande wako. Nawasalimu, lakini binti yako haandiki Kigiriki.

Aandike "wapigaji 40", au "wanamuziki 40" akitaka kuwaingiza waimbaji. Wachezaji 40 ni timu nne za kandanda zisizo na makipa.