Mashine ya MIG ya kazi tatu: usianze na ampea, anza na umeme wa saiti

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una karakana ndogo, kazi zako nyingi ni mageti, madirisha, fremu za skwea paipu na mara mojamoja trela, na siku nyingine unaitwa saiti. Unataka mashine moja ya MIG (ile inayosukuma waya yenyewe na kuuyeyusha) ambayo itachomelea pia kwa fito, zile elektrodi za kawaida, na kwa TIG (ya ncha ya tungsten na gesi), na umekwama kati ya ile nyepesi ya ampea 160 na zile nzito za 200 hadi 250. Waliotangulia kukujibu wameshindana kwa majina ya kampuni. Mimi nazitumia mashine za namna hii kila siku, ndani na nje, na jina la kampuni naliangalia karibu na mwisho. Naanza na umeme nitakaoukuta huko niendako.

Hesabu yake haina ugumu. Kwenye MIG, volti za kuchomelea hukadiriwa kwa kuchukua 14 ukajumlisha 0.05 mara ampea. Ukichomelea kwa ampea 160 unapata volti 22, yaani wati 3,520 pale kwenye chuma. Mashine yenyewe hupoteza kiasi fulani kwa joto, kwa hiyo ukutani inahitaji kama kilowati 4.3. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni takriban ampea 19, lakini ni kwa mashine yenye PFC tu, yaani ile sehemu ya ndani inayoifanya ivute umeme kwa ulaini. Isiyo na PFC huvuta kwa vishindo, na kwa kazi ileile inaweza kufika ampea 28 hivi. Hapo ndipo unakuta fundi analaumu breka ya mwenye nyumba wakati mla umeme amemleta mwenyewe kwenye gari.

Kwa jenereta habari ni hiyohiyo. Mashine isiyo na PFC, kwa mfano huo wa ampea 160, inataka jenereta inayotoa kama kVA 7 bila kuhema, na jenereta iwe na AVR ya kutuliza volti. Yenye PFC utaiendesha kwa jenereta ndogo zaidi, na nyingi huvumilia volti zikishuka. Mimi ningekubali kukosa skrini ya rangi, programu zilizohifadhiwa na mapambo mengine yote, lakini kwa mtu wa saiti PFC nisingeiacha.

Halafu kuna ekstensheni. Mita 30 za waya wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa kama omu 0.7. Zidisha kwa ampea 28: umepoteza karibu volti 20 kabla umeme haujafika kwenye mashine. Tumia waya wa milimita 4 na upotevu unashuka hadi kama volti 7. Na ikiwa ni ya kuviringisha, ifungue yote chini, usiiache kwenye gurudumu lake ikijipasha moto. Dalili ya volti kuanguka utaisikia mkononi kabla hujaiona: mlio wa MIG unaokwenda mfululizo unakatikakatika, waya unafika kwenye chuma haujayeyuka, unagonga na kuusukuma mkono nyuma, na mstari unakaa juu ya bati badala ya kuzama. Wengi hapo huanza kuchezea kasi ya waya. Kaangalie kamba ya umeme kwanza.

Tukija kwenye namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, "200", isikubabaishe. Tafuta kibati cha nyuma kinachoonyesha mzunguko wa kazi. Kipimo ni dakika 10: ikiandikwa ampea 200 kwa asilimia 25, maana yake uchomelee dakika mbili na nusu, dakika saba na nusu zilizobaki mashine ipumue. Kipimo cha kiwango cha kimataifa cha IEC kinafanyika kwenye joto la nyuzi 40. Wapo wauzaji wanaopima kwenye baridi ili namba ipendeze, kwa hiyo hakikisha nyuzi joto zimetajwa. Na kuna njia ya haraka ya kujua mashine ina nguvu gani hasa, kwa kuwa joto hufuata mraba wa ampea: hiyo ya 200 kwa asilimia 25 ni kama ampea 130 kwa asilimia 60, na ni ampea 100 tu ukitaka kuchomelea bila kusimama. Linganisha mashine mbili kwa namba ya asilimia 60. Utashangaa "250" fulani zinavyolingana na "200" za watu wengine.

Kwa skwea paipu za milimita 1.5 hadi 3 huhitaji makubwa. Waya wa milimita 0.8 na ampea 70 hadi 130 zinakutosha karakanani siku nzima. Trela ndiyo inayobadilisha mambo. Ukikutana na chuma cha milimita 8 au 10 na mashine ndogo ya MIG, mshono utatoka mzuri kwa macho huku pembeni haujashikana na chuma, na kasoro hiyo haionekani mpaka mzigo upande. Kwa unene huo mimi huhamia kwenye fito, aina ya E7018 za milimita 3.2, ampea 110 hadi 130, nikiwa nimechonga kingo. Ndiyo faida ya kweli ya mashine ya kazi tatu: hulazimiki kuilazimisha MIG kwenye kazi isiyo yake.

Sasa upepo, ambao kwenye matangazo haupo. MIG ya gesi inategemea wingu dogo la gesi linalofunika chuma kilichoyeyuka. Upepo wa mita mbili hivi kwa sekunde, ule unaousikia usoni tu na majani yanacheza kidogo, unatosha kulipeperusha. Utaona mshono unabadilika rangi, unatoka wa kijivu uliofifia, na ukipitisha grenda juu yake vinatokea vitundu vidogovidogo vilivyojipanga katikati, vingine vimeenda ndani. Kuongeza gesi kutoka lita 12 kwa dakika hadi 25 hakusaidii sana. Gesi ikitoka kwa kasi inajivuruga yenyewe na kuvuta hewa ndani. Ama uzibe upepo kwa turubai au mabati, ama uache gesi.

Kuacha gesi maana yake ni waya wenye dawa ndani, ule usiohitaji mtungi. Hapa ndipo uiangalie mashine kwa makini, kwa sababu waya huo aghalabu huchomelewa tochi (kile kishikio kinachotoa waya) ikiwa upande wa hasi, na waya wa kawaida wa gesi tochi ikiwa upande wa chanya. Fungua mlango wa pembeni ukiwa dukani, tafuta sehemu ya kubadilisha. Nyingine zina kamba fupi mbele ya kuchomoa na kuchomeka, nyingine zina boliti mbili ndani. Isiyokuwa na namna ya kubadilisha, hata ikiandikwa "bila gesi", muulize muuzaji imefungwa upande gani moja kwa moja. Nimewahi kuitwa kuangalia mashine mpya "mbovu" inayorusha cheche kila mahali na kuacha mshono kama kinyesi cha mbuzi. Ilikuwa na waya wa dawa na tochi iko kwenye chanya. Dakika moja, spana moja.

Mlango huohuo ukiwa wazi, tazama rola zinazosukuma waya. Mkono wa kubana uwe wa chuma au angalau plastiki nene isiyopinda ukiukaza, na rola ziwe na mfereji unaolingana na waya wako: mfereji wa V kwa waya wa chuma, wenye meno kwa waya wa dawa, wa U kwa alumini. Rola nne ni nzuri zaidi ya mbili, ila ukiwa na tochi ya mita tatu na waya wa chuma, mbili zilizotengenezwa vizuri hazina shida. Tazama pia inabeba koili ya ukubwa gani. Kilo 5 ni sawa kwa kutembea nayo. Karakanani kilo 15 inakupunguzia usumbufu na waya kwa kawaida hununuliwa kwa nafuu zaidi, lakini mashine inayobeba koili hiyo huwa kubwa, na ngazi za ghorofa ya tatu hazina huruma.

Tochi iwe ya kuchomoa, yenye kiunganishi cha Euro. Tochi ndiyo inayokufa kwanza; iliyofungwa moja kwa moja kwenye mashine itakusumbua kwenye vipuri.

Kuhusu gesi yenyewe sitakaa sana. CO2 tupu inazama vizuri na inarusha cheche. Mchanganyiko wa argoni na CO2, wa 80 kwa 20 au karibu na hapo, unatoa mshono laini na grenda inapumzika. Mtungi wa lita 10 uliojazwa mchanganyiko kwa shinikizo la baa 200 una kama lita 2,000, kwa hiyo kwa lita 12 kwa dakika ni chini ya saa tatu za moto mtupu. Mtungi wa CO2 usiuamini geji yake: mle ndani ni kimiminika, geji husimama palepale mpaka kimiminika kiishe ndipo ianguke. Pima kwa mzani.

TIG kwenye mashine hizi mara nyingi ni ya DC (umeme wa mkondo mmoja) ya kuwasha kwa kugusa na kuinua. Inachomelea chuma na stenlesi vizuri kabisa, kwa argoni tupu, maana yake mtungi wa pili. Alumini kwa TIG inahitaji AC (umeme unaogeuka mwelekeo), na nyingi za kazi tatu hazina. Muuzaji akikuambia "hii inachoma alumini" muulize kwa njia gani. Atakuwa anamaanisha MIG kwa tochi yenye koili ndogo juu yake, ambayo huenda inauzwa pembeni. Kama stenlesi unaiona mara mbili kwa mwaka, TIG isikuongezee hata senti kwenye uamuzi.

Modi ya kujipanga, ile unayochagua unene na waya nayo inaweka volti, ni nzuri kwa kijana unayemfundisha. Hakikisha tu unaweza kuizima na kupanga volti na kasi ya waya mwenyewe, kwa sababu kwenye umeme dhaifu mapendekezo yake hupotoka. Kwa upande wa fito, ijaribu na E7018 pale dukani, si fito rahisi za 6013 peke yake. 6013 inawaka kwa karibu kila kitu. Na kwa saiti, angalia namba ya IP, yaani kinga dhidi ya maji na vumbi: mwili wa IP23 unastahimili manyunyu, IP21 ni wa ndani tu.

Kwa kazi ulizotaja, ningechukua ya ampea 200 yenye PFC, koili ya kilo 5, tochi ya Euro, yenye angalau ampea 120 kwa asilimia 60. Lakini nikuulize jambo moja kabla hujatoa pesa: saiti unachomelea waya kweli, au unaishia kutoa fito? Ikiwa ni fito, basi nunua MIG ya kawaida ikae karakanani, na inveta ndogo ya fito ya kilo tano sita uitupie begani. Mara nyingi mbili hizo kwa pamoja hazizidi sana bei ya moja yenye kila kitu, na moja ikienda kwa fundi umeme nyingine inaendelea kula mkate.

Tuambie saiti zako zina umeme wa ukutani au jenereta, na kama ni jenereta, ya kVA ngapi. Hapo hata ule ubishi wa 160 na 200 tutaumaliza.