Kujikagua kila siku ni hatua ya 10

Umeuliza, kwa ajili ya kaka yako mnywaji, kujikagua kila siku ni ya 4 au ya 10 katika zile hatua 12 za kuacha ulevi. Ni ya 10 ndugu yangu, si ya 4. Zote ni za kujikagua, lakini ya 4 unaandika maisha yako yote ya nyuma, tena kwa kirefu. Ya 10 ni ya leo tu, na ukiona umekosea unakiri papo hapo. Ndivyo zilivyopangwa hatua hizo 12 za Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi wanaoacha pombe kilichoanzia Marekani, tangu 1939, na mimi ndizo ninazofuata na wenzangu wa soba, yaani nyumba ya wanaoacha ulevi, hapa Unguja.

Sisi hukaa baada ya Isha, kila mtu na daftari lake: leo nimemjibu nani vibaya? Nimedanganya wapi? Hamu ilinijia saa ngapi, nikiwa na njaa, hasira, upweke au uchovu? Hilo la mwisho msiliruke, maana hapo khasa ndipo watu wanaporudi chupani.

Ila kama huyo kaka yako bado anakunywa kila siku, daftari lisubiri. Apelekwe hospitali kwanza, kwani kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kumuua.