Sedan inashtuka, betri inakufa, taa zinawaka: pima waya wa hasi kabla ya kununua gia boksi

Mkuu, nimesoma malalamiko yako pamoja na ya wengine waliochangia. Kwa kifupi: sedan ya Kijapani ya cc 1500, gia za CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ililetwa nchini ikiwa imetumika. Kwenye foleni inashtuka, taa ya cheki injini inawaka na kuzima yenyewe, ukiwasha AC taa za mbele zinafifia, asubuhi betri haina kitu. Fundi kasema gia boksi imekufa, wadau wanakwambia uza. Nakuomba usiuze na usinunue gia boksi kwanza. Gari langu lilikuwa na karibu kila dalili uliyoitaja, na ile gia boksi iliyohukumiwa ndiyo inayonipeleka kazini mpaka leo.

Fundi wa kwanza aliliendesha akasema gia boksi imechoka. Mwingine akasema ni plagi na koili. Mwingine akataka tubadilishe pampu ya mafuta. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, lakini hakuna hata mmoja aliyeshika kipimo. Hapo ndipo watu wengi humu wanapoliwa hela: spea inanunuliwa kwa kubahatisha, isipotibu inanunuliwa nyingine, mwisho gari linaitwa bovu.

Aliyelitatua ni fundi umeme mmoja wa Ilala, mzee wa makamo. Baada ya shikamoo akaniambia, "Fungua boneti mwanangu, usiwashe kwanza." Akatoa mita yake ya kupimia umeme, akaiweka kwenye volti za DC. Ncha moja akaigusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mahali pasipo na rangi. Akaniambia nipige stata. Mita ikapanda hadi volti moja na ushee. Akaniita nione mwenyewe. "Hapa ilitakiwa iwe karibu na sifuri," akasema. "Umeme unatoka vizuri, haurudi vizuri."

Hili ndilo jambo ninalotaka ulielewe. Umeme wa gari unatoka chanya ya betri, unafanya kazi kwenye stata, koili, feni, taa na kompyuta, kisha lazima urudi hasi. Njia ya kurudi ni bodi na injini yenyewe, na kwa kuwa injini imekaa juu ya maunting za mpira, inaunganishwa na bodi na betri kwa waya mnene uliofungwa kwa bolti, mara nyingi kwenye gia boksi. Ukipima wakati stata inazunguka, upande huo wa hasi usipoteze zaidi ya volti 0.2 hivi, ikifika 0.5 kuna shida. Waya wangu ukiutazama kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Alipofungua bolti, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya kahawia na unga wa kijani, na nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimeshaliwa. Akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga waya mpya mnene, akapaka grisi juu yake. Tulipopiga stata tena, mita haikufika hata 0.1.

Sasa uhusiano na gia boksi ni huu. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazojibana na kujiachia, na kinachozibana ni presha ya oili inayosimamiwa na solenoidi, yaani vali ndogo za umeme. Solenoidi zinaendeshwa na kompyuta. Hasi ikiwa mbovu, solenoidi hazipati umeme kamili, sensa zinatuma taarifa za uongo, kompyuta inaamuru presha isiyofaa, na wewe unasikia gari linashtuka. Ukiwasha AC mzigo unaongezeka na mshtuko unazidi, taa zinafifia. Fundi asiyegusa mita atakuapia kwamba gia boksi imekwisha.

Kutu hiyo inatoka wapi? Magari mengi yametembea maeneo ya Japani yenye theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi inakula chuma cha chini kabla gari halijapanda meli, halafu sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tunaendeleza kwa upepo wa bahari. Anayenunua gari aingie chini na tochi aangalie bolti na viungo vya nyaya. Kung'aa kwa rangi hakusemi lolote kuhusu huko chini.

Betri kufa usiku ni shauri jingine, usilichanganye na hilo. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imeisha. Washa gari upime tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. (Baadhi ya magari mapya kompyuta hupunguza chaji makusudi, kwa hiyo washa taa na AC ndipo uamue.) Ikiwa alteneta ni nzima na betri si kongwe, kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Kwangu ilikuwa alamu iliyofungwa hapahapa mjini, nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu. Kumpata mnyonyaji, zima kila kitu, funga milango, chomoa waya wa hasi, uunganishe mita katikati ya waya huo na nguzo ya hasi ya betri, kwenye upande wa ampea 10. Subiri nusu saa ili kompyuta zilale, kisha soma. Miliampea 50 kushuka ni kawaida. Ikizidi sana, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo yenye mwizi. Mita ikiwa hapo usithubutu kupiga stata, utaiunguza. Alamu, trakka na redio za kubadilisha ndizo za kushuku kwanza.

Turudi kwenye gia boksi, maana si kila mshtuko ni umeme. Uliza oili gani imewekwa. Hapa ninakuwa mkali kwa sababu nimeona gia boksi nzima zinauawa hivi: fundi anachukua oili ya ATF ya kawaida ya gari la otomatiki na kuimimina kwenye CVT, eti zote ni hidroliki. Si kweli. Oili ya CVT imetengenezwa ili ule mkanda wa chuma ushike puli bila kuteleza. Ukiweka ATF mkanda unateleza, gari linatetemeka likiwa spidi ndogo, na puli zinachubuka moja kwa moja. Soma kitabu cha gari au namba iliyoandikwa kwenye kijiti cha oili, ununue hiyo hiyo kwenye duka unaloliamini. Sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) ikifunguliwa uwepo, uangalie sumaku zilizo ndani. Ukikuta tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida wa kazi. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvihisi kwa vidole, basi fundi wako alikuwa sahihi na gia boksi imeliwa.

Mdau mmoja hapo juu amelalamika gari linakunywa mafuta tangu litoke gereji kwa kuchemsha. Ndugu yangu, kaulize kama walitoa thermostati. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Ina kazi kubwa. Inazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ifike joto lake, kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi. Ukiitoa, ukishika barabara ya Morogoro usiku injini inabaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeiwasha, inaendelea kuongeza petroli. Na kilichosababisha kuchemsha bado kipo palepale: feni haizunguki, rejeta imeziba kwa sababu ya maji ya bomba, au mfuniko wa rejeta haushiki presha. Rudisha thermostati, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), tafuta chanzo. Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta utando mweupe kama maziwa, usiliwashe tena. Huenda gasketi ya silinda hedi imepasuka na maji yanaingia kwenye oili.

Kuhusu injini kumisi, yaani silinda kutochoma petroli sawasawa, kuna kipimo cha bure. Kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine kwenye kompyuta ya gari, ikisoma P0301, silinda namba moja ndiyo inayomisi. Hamisha koili ya namba moja uipeleke namba mbili, futa kodi, endesha. Ikija P0302, koili imekufa, nunua hiyo moja tu. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Angalia plagi, kisha nozeli inayopuliza petroli. Ila taa ya cheki injini ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kuiunguza.

Waosha magari nao wazuieni kupiga maji ya presha kwenye injini. Maji yanatuama kwenye visima vya plagi. Mvua zikija, kupita bonde la Jangwani pale Dar kwa sedan ya chini wakati maji yamefurika ni kuitafutia injini kifo, na hata ikipona, soketi za nyaya zilizo chini ya kapeti zitaanza kuota ukijani miezi kadhaa baadaye.

Mkuu, fanya hivi wikiendi hii. Azima au nunua mita, zile za bei nafuu zinatosha. Pima hasi wakati wa stata kama nilivyoeleza, pima betri asubuhi, pima ikichaji na AC imewashwa. Kasomeshe kodi, uombe zile namba zenyewe, wasikupe maelezo ya mdomo tu, na uulize oili iliyomo kwenye gia boksi. Leta majibu hapa pamoja na mwaka wa gari na tutaendelea kutoka hapo. Fundi akikusukuma utoe advansi ya gia boksi kabla ya vipimo hivyo, chukua funguo zako.