Usisage hiyo steki kabla hujasoma hapa

Hapana. Hapana kabisa. Umeandika kwamba umenunua kilo 2 za steki, umemsimamia mwenye bucha akaondoa mafuta yote, na Jumamosi utaisaga utengenezee wageni baga zenye jibini ndani. Halafu unauliza jibini gani, mkate upi, makaa au gesi. Dada, kwa nyama hiyo utatuuliza pia mahali pa kununua sufuria mpya.

Ninayajua haya kwa sababu yalinikuta mbele ya wakwe, pale kwangu Umoja. Nyama ikipata moto hujikaza na kukamua maji yake. Ikiwa haina mafuta, inabaki kavu, inanywea, ukingo unapasuka. Wakati huohuo jibini huko ndani imeshakuwa uji na mvuke unaisukuma itafute pa kutokea. Niliitazama ikichungulia ubavuni, tone moja, kisha ikabubujika yote ikaungulia chini ya kikaango na kuwa gome jeusi. Nikabana na mwiko nikidhani naziba. Nikaimaliza! Tulikula visahani vikavu vya nyama vyenye shimo katikati. Mjomba wa mke wangu alitafuna, akatulia, akauliza kwa upole kama hizo ni sambusa zilizokosa manda. Bado ananiita Bwana Manda, na mimi bado nacheka kwa nguvu kuliko wote.

Na aliyeniponza ni yule jamaa wa video, wa aproni nyeupe na kisu cha kumeremeta. "Tumia nyama isiyo na mafuta, ni afya." Afya gani, bwana, na wewe mwenyewe unashindilia jibini katikati? Akasema tena nichanganye chumvi, vitunguu na dania, nikande mpaka ilainike. Hiyo ni kababu! Vipande vya vitunguu vinaacha nyufa, na chumvi ikikandwa ndani inaifanya nyama inate na kuwa ngumu kama soseji. Video yenyewe inakatwa kabla hajaipindua. Sasa najua kwa nini.

Sheria ni moja: mafuta. Katika kila kilo ya nyama ya kusaga, gramu 200 ziwe mafuta. Steki yako usiitupe, ni pesa. Irudishe bucha na uombe nusu kilo ya mafuta ya kidari, visagwe pamoja ukiwa umesimama hapo. Atakushangaa, maana wateja wengine wanamlalamikia kwa kuwawekea mafuta. Mwache ashangae. Akikuletea ya figo kataa: yale ni magumu, yakipoa kidogo tu yanaganda kwenye kaakaa.

Ukishapata nyama ya maana, mengine ni mepesi. Visahani viwili vyembamba, jibini katikati, uache ukingo mtupu wa upana wa kidole, ubane pande zote mpaka usione mstari. Weka kwenye friji nusu saa. Chumvi nje tu, dakika ileile unapoingiza kwenye kikaango. Na mwiko ni wa kupindua, si wa kukandamiza.

Jibini chukua zile slesi za mraba za supamaketi, usione haya. Zina chumvi maalumu zinazozifanya ziyeyuke laini bila kuachana na mafuta yake. Cheddar iliyokomaa, ile ya bei, itatoa mafuta pembeni na kukuachia madonge. Kule Minneapolis, Marekani, baa mbili, Matt's Bar na 5-8 Club, wanagombea hadi leo nani aliyeanzisha baga hii katika miaka ya 1950, na Matt's wanatumia jibini ya aina hiyohiyo ya slesi. Wanaiita Juicy Lucy, ingawa Matt's huandika Jucy, bila i. Ugomvi wa watu wazima.

Tumia gesi, moto wa wastani. Kwenye makaa, mafuta yakidondoka moto unaruka na utababua nje huku ndani kukiwa bado. Na usimsikilize mgeni anayetaka ya pinki: nyama ya kusaga iive kabisa, joto la ndani lifike nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu vijidudu vya juu vimeshasagwa mpaka ndani.

Ikitoka jikoni ipumzike dakika chache, hasa kama kuna watoto. Ile jibini ya ndani inachoma ulimi vibaya.

Bucha yako inafungwa saa ngapi? Maana bado unahitaji hayo mafuta.