Skrubu ya soketi inazunguka bila kukaza

Kama boksi la ukutani linaloshika soketi ni la chuma, usivunje ukuta. Soketi za aina ya Uingereza tunazotumia huku hufungwa kwa skrubu za M3.5 (unene wa 3.5 mm), kwa hiyo nunua kikata nyuzi (tap) cha M3.5, yaani kifaa cha kuchonga mistari ya ndani ya tundu inayoshika skrubu, kipitishe polepole kwenye lile sikio la boksi lenye tundu la skrubu, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Mara nyingi nyuzi zimejaa saruji au rangi tu, hazijafa. Zikiwa zimelika kabisa, toboa kwa biti ya 3.3 mm, kata nyuzi za M4, weka skrubu ya M4. Hakikisha kwanza kwamba inapita kwenye tundu la soketi yenyewe.

Nimefunga umeme wa majumbani miaka mingi, na vijiti vya kiberiti vilivyosokomezwa kwenye tundu ili skrubu ikaze ndivyo ninavyovikuta kila mara: vinashika wiki mbili, kisha soketi inacheza na nyaya zinalegea kwenye terminali, pale zinapofungwa kwenye soketi. Hapo ndipo moto huanza.

Boksi la plastiki lililovunjika sikio, badilisha tu. Na zima meni swichi, pima kwa testa, kabla ya kugusa chochote. Tafadhali usiweke skrubu ndefu zaidi, itatoboa waya nyuma.